Bomba la gesi Dar–Mombasa: tawi la Moshi na Arusha lidaiwe sasa

Mleta mada (Arusha):
Wakuu, Mei 2021 Tanzania na Kenya zilisaini makubaliano ya bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, kilomita 600 hivi. Kuuza sipingi. Gesi iliyogunduliwa nchini ni futi za ujazo trilioni 57, na ya kisiwa cha Songo Songo, Lindi, tunaijua tangu 1974. Ninachokataa ni bomba kupita mkoa wa Tanga likavuka mpaka bila tawi la kuja huku.

Kipenyo cha bomba huamuliwa mara moja. Likipimwa kwa mahitaji ya Mombasa tu, miaka kumi ijayo tukiomba tawi tutaambiwa humo ndani hakuna nafasi. Tuseme kabla mabomba hayajaagizwa. Hata mkuza, yaani ukanda wa ardhi wa kupitishia bomba, si wa kutafuta mbali: reli ya Tanga ilifika Arusha 1929, bomba lifuate njia hiyohiyo.

Mchangiaji (Moshi):
Kaka, zaidi ya kilomita 300 kutoka Tanga kwa ajili ya majiko ya nyumbani, gharama itarudishwa na nani? Malori yalete gesi iliyoshindiliwa, kama ile inayojazwa kwenye magari Dar. Na Mtwara je? 2013 watu waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar, wengine wakapoteza maisha. Leo sisi wa kaskazini tudai kabla yao?

Mleta mada:
Hapo kwa Mtwara umenigusa. Wao kwanza, sibishani. Bomba la inchi 36 la kutoka Mtwara hadi Dar lilizinduliwa 2015, na wapo wanaoishi jirani nalo ambao bado wanapikia kuni. Hilo linaniuma.

Malori sawa, yaanze, yatatuonyesha mahitaji halisi. Ila watu wanachanganya: gesi ya mtungi tunayopikia siyo ya Songo Songo. Inaletwa na meli kutoka nje, bei ikipanda huko inapanda na hapa. Shemeji yangu anauza chapati Kilombero, hapa Arusha. Mwezi uliopita mtungi umemshinda, karudi kwenye mkaa. Mkaa huo ni miti ya mtu fulani mahali fulani.

Kuhusu gharama: bomba litalipwa na viwanda, majiko yafuate nyuma. Naanza kuorodhesha vya Unga Limited na Themi hapa Arusha vyenye boila (mitambo ya kuchemshia maji na kutoa mvuke), na kila kimoja kinachoma nini. Wewe niletee vya Moshi.