Risasi za .30-06 kwa nyemera na kongoni: greni 150 au 180?

Mkazi_wa_Igoma

Wakuu, habari za leo. Nipo Mwanza. Bunduki ni ya bolti, ya ukubwa wa .30-06, mtutu wa inchi 22, darubini ya kawaida ya 3-9 (inakuza mara 3 hadi 9). Leseni ya silaha ipo, na kibali cha kuwinda kinashughulikiwa. Wanyama nilioomba ni swala pala, nyemera na kongoni, upande wa Simiyu kwenye mbuga za wazi zenye vichaka hapa na pale. Masafa nayategemea kati ya mita 80 na 200.

Kinachonichanganya ni risasi. Karibu kila ninachosoma kimeandikwa na Wamarekani wanaowinda kulungu wao mwenye mkia mweupe. Wengi wanasema greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kile kinachoruka; 150 ni kama gramu 9.7) yenye ncha ya plastiki inatosha na kubaki, lenga nyuma ya bega, kazi imeisha. Dukani nimepewa chaguo hizi:

- greni 150, ncha ya plastiki
- greni 180, ncha laini (boksi limeandikwa SP)
- greni 165, shaba tupu, bei karibu mara mbili ya hizo nyingine
- greni 147, FMJ (koti gumu limefunika mbele kote), bei ya chini kuliko zote

Nichukue ipi? Ile ya bei ya chini inafaa hata kidogo? Na darubini niipime (yaani niirekebishe ilenge pale risasi inapogonga) kwa mita ngapi?

---

Kitako_cha_Mninga

Mkuu, ushauri wa hao Wamarekani ni sahihi kabisa, ila ni sahihi kwa mnyama wao. Kulungu dume wa mkia mweupe mara nyingi ana kilo 60 hadi 130. Swala pala ni mdogo kuliko huyo, nyemera na kongoni wanacheza kati ya kilo 100 na 150. Kwa hiyo kwa uzito hatujaachana sana. Tumeachana kwenye mahali moyo ulipo.

Swala wetu wengi moyo na mapafu vimekaa mbele na chini, katikati ya mabega yenyewe. Mmarekani akilenga nyuma ya bega, risasi yake inapita kwenye mbavu nyembamba na kuingia mapafuni. Ndiyo maana anapenda kichwa kinachofunguka upesi. Wewe ukilenga hapo hapo kwa kongoni, unaangukia nyuma ya mapafu, kwenye ini au tumbo. Kongoni wa namna hiyo anaondoka na kundi kama hajaguswa, na utamtafuta mpaka giza likukute.

Huku unafuata mguu wa mbele kwa jicho, unapanda nao mpaka theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili ukitokea chini, unaachia hapo. Mnyama awe amesimama ubavu kamili. Hapo utapata moyo au mishipa iliyo juu yake. Lakini njiani kuna mfupa wa bega na msuli mnene, na ndipo swali lako la risasi linapoanza.

Greni 150 ya ncha ya plastiki: ile plastiki ni kama kabari. Ikigonga inasukumwa ndani, koti la shaba linapasuka, madini ya risasi yanatawanyika. (Kiswahili kimetuletea shida hapa: risasi ndiyo jina la kitu kizima na ndiyo jina la madini yaliyomo. Kwa hiyo nitasema "kichwa" kwa kile kinachoruka.) Kwenye mbavu inafanya kazi vizuri sana. Kwenye bega la nyemera, kwa mita 80, kichwa bado kina kasi kubwa, kinaweza kupasukia juu ya mfupa. Unapata kidonda kipana kisicho na kina: bega limevunjika, mnyama anakimbia na miguu mitatu, mapafu mazima.

Greni 180 ya ncha laini inafunguka taratibu na ina uzito wa kuendelea mbele baada ya mfupa. Watu wanaogopa kwamba inaruka polepole. Hesabu hii hapa: 150 inatoka kwa takriban mita 884 kwa sekunde, 180 kwa takriban mita 823. Nguvu mdomoni mwa mtutu ni kama jouli 3,800 kwa ya kwanza na 3,950 kwa ya pili. Namba za boksi kwa kawaida zinapimwa kwa mtutu wa inchi 24, kwa hiyo wewe toa kama mita 15 kwa kila moja. Kwa mita 200, unachopoteza kwa kuchagua 180 ni sentimita chache tu za kushuka.

FMJ achana nayo. Koti lake limefunika kichwa mbele kote, hakifunguki. Kinatoboa tundu la milimita 7.8, karibu unene wa penseli, na kutokea upande wa pili. Mnyama anafia mbali, au haonekani tena. Majimbo mengi ya huko Marekani yanaikataza kwa kulungu. Itumie kwenye karatasi, na hata huko usipimie darubini kwayo, maana haitagonga pale itakapogonga ile ya kuwindia.

Mimi ningechukua 180 SP.

---

Ziwa_na_Pori

Nakubaliana na Kitako kuhusu bega, sikubaliani naye kwenye kuruka ile ya shaba tupu bila kuitaja.

Greni 165 ya shaba inafanya kazi ya 180 ya kawaida, kwa sababu haipotezi uzito. Haina kiini kilichofungiwa ndani ya koti, ni kipande kimoja chenye tundu mbele. Ikigonga inafunguka kama ua la petali nne na kuendelea na karibu uzito wake wote. Wala hujakosea kupewa 165 badala ya 180: shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 180 kinakuwa kirefu, kinaingia ndani sana ya ganda na kula nafasi ya baruti. Nyingi za shaba zinahitaji kama mita 600 kwa sekunde ili zifunguke. Kwa .30-06 mpaka mita 250 huna wasiwasi.

Halafu kuna nyama. Kichwa cha ncha laini kikivunja bega kinaacha vipande vidogo vya risasi, vingine havionekani kwa macho, na vinasambaa mbali kuliko kidonda chenyewe. Ukitumia 180 SP, kata na utupe nyama yote iliyovilia damu, kisha ongeza shubiri nzima kuizunguka. Usiisage wala kumpa mbwa. Watoto na mama wajawazito ndio wanaodhurika kwanza. Tumbusi nao wanakula matumbo yaliyoachwa porini, na ni kwa sababu ya ndege wa aina hiyo California ilipiga marufuku risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019.

Bei ni mara mbili, ndiyo. Lakini porini unafyatua ngapi? Tatu, nne.

---

Kitako_cha_Mninga

Ziwa, hoja ya nyama naikubali. Sema na upande wa pili basi: shaba inatoboa na kutoka. Nyemera wanasimama wamepangana. Ukimpiga wa mbele bila kuangalia nyuma yake, umejeruhi wawili na kibali ni cha mmoja. Hata 180 SP inaweza kutoka, ila shaba inatoka karibu kila mara. Mwenye shaba asubiri mpaka mnyama ajitenge.

---

Mkazi_wa_Igoma

Shukrani sana wakuu. Nimeelewa habari ya bega, hiyo peke yake imenifungua macho. Je, nikibeba zote mbili, 150 kwa swala pala na 180 kwa nyemera na kongoni?

---

Nyuzi_Kumi

Hapana mkuu. Mtutu hutetema tofauti kwa kila aina ya risasi. Tofauti kati ya 150 na 180 kwenye mita 100 inaweza kuwa sentimita 3, inaweza kuwa 8, na si lazima iwe juu au chini, inaweza kwenda pembeni. Utapima ipi? Swala pala hatalalamika kwamba amepigwa na 180. Tena kwa mnyama mdogo kichwa kizito cha polepole kinaharibu nyama kidogo kuliko kile cha haraka. Risasi moja, kipimo kimoja.

Kupima, ambako hakuna aliyekujibu. Nunua maboksi mawili yenye namba ile ile ya toleo. Imepigwa mhuri kwenye mfuniko au ubavuni. Toleo likibadilika, baruti inaweza kubadilika. Boksi moja lina 20, nalo haliishi kwa kipimo tu ukienda hivi:

Safisha mtutu kwanza, ukaushe, hasa ukihamia shaba. Anza mita 25, juu ya mifuko ya mchanga mbele na nyuma. Weka mkono au mfuko chini ya kitako cha mbele, usilaze mtutu wenyewe juu ya kitu kigumu, utaruka juu. Piga 3. Zikae sentimita 1 chini ya kitovu cha shabaha. Hapa ndipo wengi wanaharibu: darubini nyingi kliki moja (mlio mmoja unapozungusha kirekebishi chake) inahamisha milimita 7 kwenye mita 100, lakini kwenye mita 25 ni chini ya milimita 2. Ukitaka kupanda sentimita 4 kwenye mita 25 unazungusha kliki 22 au 23. Mtu anazungusha 6, haoni kitu, anasema darubini mbovu.

Nenda mita 100. Piga 3, subiri mtutu upoe mpaka uweze kuushika bila kuondoa mkono, rekebisha, piga 3 tena. Unataka kundi la matundu likae sentimita 5 juu ya kitovu. Kwa 180 hiyo inakupa takriban sentimita 2 au 3 chini kwenye mita 200, yaani kutoka karibu mpaka 200 unalenga mahali pamoja bila kufikiria. Kwenye mita 300 utakuwa umeshuka karibu sentimita 30. Ndiyo sababu usifyatue mita 300.

Malizia na 2 kwenye mita 200, uone kwa macho yako; hizi namba zangu ni za kuanzia. Siku ya pili piga moja tu, mtutu ukiwa baridi kabisa. Hiyo ndiyo risasi utakayompigia mnyama. Ikikaa mbali na kundi la jana, ifuate hiyo.

Uwanja uwe ulioruhusiwa, si shambani kwa mjomba. Na soma kibali kinasema risasi ngapi kabla hujafika dukani.

---

Ziwa_na_Pori

Naongeza mawili ambayo huku kando ya ziwa yanawaumiza watu.

Unyevu. Ukiona ukungu wa kijani kwenye ganda la shaba, hasa pale kichwa kinapoingia au kuzunguka fataki (kile kidude cha kuwasha baruti kwenye kitako cha ganda), risasi hiyo usiitie chembani. Usiziweke kwenye mkanda wa ngozi miezi kwa miezi, dawa za kulainishia ngozi zinakula shaba. Mkanda ni wa siku ya kuwinda, jioni zinarudi kwenye boksi, na boksi ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko mzuri na vile vipakiti vya kukausha unyevu. Usizipake mafuta. Mafuta yanapenya mpaka kwenye fataki na kuiua, na ganda lenye mafuta linasukuma bolti kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa. Futa kwa kitambaa kikavu, basi. Na usiache boksi juu ya dashibodi ya gari juani. Baruti iliyochemka inapandisha shinikizo na kipimo chako kinahama.

La pili, soma maandishi ya kwenye kitako cha ganda, moja moja. Yako yawe 30-06 SPRG. Risasi ya .308 Winchester ina kichwa cha kipenyo kile kile lakini ganda lake ni fupi, milimita 51 kwa 63. Kwenye chemba ya .30-06 inaweza kuingia na kufyatuka, ganda likapasuka na moshi wa moto ukarudi usoni. "Zote ni 30" ni maneno ya muuzaji anayetaka kufunga duka.

---

Mkazi_wa_Igoma

Nachukua 165 ya shaba, maboksi mawili. Swali la mwisho: mnyama akisimama mshazari?

---

Kitako_cha_Mninga

Akikuelekea kwa mshazari, lenga mbele ya bega lililo karibu nawe. Akikupa mgongo kwa mshazari, tafuta mguu wa mbele wa upande wa *pili*, fikiria mstari kutoka kwako mpaka kwake, piga pale mstari unapoingilia mwilini. Mara nyingi ni kwenye mbavu za mwisho mwisho, na hapo shaba ndipo inapolipa bei yake. Mshazari ukizidi nusu ya njia kati ya ubavu na kisogo, usipige. Akikupa kisogo kabisa, shusha bunduki. Kongoni ana tabia ya kukimbia kidogo kisha kusimama na kugeuka kuangalia.