Naomba ushauri: matumbawe laini huenea kwa kasi gani kwenye tangi la nyumbani?

Mawimbi
Habari zenu wakuu. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 200, limeshatulia, lina samaki wadogo wawili na konokono wa kula mwani. Upande wa matumbawe ndiyo kwanza naanza. Rafiki yangu amenipa vipande vitatu: nyota za kijani zenye mkeka wa zambarau, zenia ile inayofumba na kufumbua, na zoa za rangi ya machungwa, vichwa vitano. Bado vipo kwenye vigae vyao, nimeviweka juu ya mchanga.

Nikiuliza vitaenea lini, wengine wananiambia nitasubiri mpaka nichoke, wengine wananiambia nitatamani nisingeviweka. Ninachotaka ni mwamba wa katikati ufunikwe, kwa sasa uko mtupu kabisa. Vipimo vyangu: joto nyuzi 25, chumvi 1.025, nitrati 10, fosfeti 0.05, alkali 8. Taa ya LED, muda wa saa 8 kwa siku. Vitachukua muda gani kujaa, na nivipange vipi? Naomba mnisaidie kabla sijashika gundi.

BahariShwari
Chochote utakachofanya, zenia usiibandike kwenye mwamba wa katikati. Wengine watakufafanulia sababu.

MzeeWaMwamba
Karibu sana kijana. Hao wote wamekwambia kweli, ila kila mmoja alikuwa na tumbawe lake kichwani. Hivyo vitatu haviendi mwendo mmoja, na hata namna ya kuenea inatofautiana.

Nyota za kijani hutambaa. Ule mkeka wa zambarau ndio mwili wenyewe, na polipu zote, yaani vile vinyama vidogo vinavyofunguka kama maua, zimeunganishwa humo kwa mifereji midogo, hivyo chakula kinachopatikana penye mwanga kinawafikia hata walio pembeni. Siku zikishashika jiwe, sogeza uso karibu na kioo uuangalie ukingo wa mkeka. Utaona utando mwembamba wa zambarau umetangulia peke yake juu ya jiwe. Nyuma yake kuna vidutu vilivyotuna kidogo. Nyuma zaidi, vidutu vimefunguka na kutoa polipu changa zenye vidole vinane, kila moja haijafikia hata ukubwa wa punje ya mchele. Ukingo huo ndio wa kufuatilia. Piga picha mara moja kila mwezi ukiwa umesimama mahali pale pale, ndipo utajua kasi ya tangi lako wewe, maana ya tangi la mwenzako haikusaidii sana.

Kwa niliyoyaona, maji yakiwa kama hayo yako, ukingo kusogea sentimita moja au mbili kwa mwezi ni jambo la kawaida. Inasikika ndogo. Lakini mkeka unakua kwa kuzunguka pande zote, na kadiri unavyotanuka ndivyo ukingo wake unavyorefuka, kwa hiyo eneo linaloongezeka mwezi huu ni kubwa kuliko la mwezi uliopita. Ndiyo maana mtu hukaa muda mrefu akiona kama hakuna kinachoendelea, halafu mwamba mzima unakwisha mbele ya macho yake.

Zenia yenyewe huhama. Shina hujigawa, sehemu moja inashika jiwe la jirani, na kipande cha mguu kikibaki nyuma nacho kinaota upya. Kwa nitrati zako inaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki chache tu. Ila ina tabia ya kunywea yote kwa mpigo na kuyeyuka, hata kwenye tangi ambalo mwenyewe haoni kasoro. Usiitegemee iwe pambo lako pekee.

Zoa hutoa vichwa vipya pembezoni mwa kundi. Zipo aina zinazoongeza vichwa kadhaa kwa mwezi, na zipo za kukaa miezi mingi bila badiliko la maana. Hizo tano zako itabidi uzisome zenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza litaenea lini, uliza hivi: siku nikitaka kulizuia, nitaweza? Zoa bandika kwenye mwamba wa katikati, zitapendeza. Nyota zipe jiwe lao peke yake juu ya mchanga, uache nafasi ya upana wa kiganja kila upande. Zenia nayo iweke kwenye jiwe unaloweza kulinyanyua na kulitoa nje.

KasaMpole
Mzee ameeleza vizuri, mimi naongezea tu. Kama unataka haraka, pandisha mwanga na ongeza chakula cha matumbawe. Vyote vitatu vitakimbia.

MzeeWaMwamba
Hapo ndugu yangu tunatofautiana. Nyota na zenia zinaishi zaidi kwa vijimwani vilivyomo ndani ya miili yao. Zenia ndiyo kabisa, uwezo wake wa kukamata na kusaga chakula ni mdogo mno, inategemea mwanga na virutubisho vilivyoyeyuka majini. Ukimimina chakula, kingi kinaoza, fosfeti inapanda, na wa kwanza kufurahi ni mwani wa nywele ambao utawahi jiwe kabla ya mkeka. Mwanga nao ukipandishwa ghafla, polipu zinafunga na kupauka. Nitrati 10 na fosfeti 0.05 ni chakula tosha. Aziache hapo hapo.

KasaMpole
Nimekuelewa mzee. Kwenye mwanga nakubali, uongezwe kidogo kidogo. Zoa nazo zikirushiwa punje ndogo mara moja moja zinapokea, nimeziona zikifumba kinywa.

MzeeWaMwamba
Zoa sawa. Hizo zinakula.

Dada_Lulu
Mdogo wangu Mawimbi, jambo moja halijaguswa na linanipa wasiwasi. Zoa kwa uainishaji hata si matumbawe laini, zimewekwa kundi hilo kwa mazoea tu. Jamaa zao wa karibu, palithoa, wanaweza kubeba palitoksini, sumu kali sana iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka palithoa wa Hawaii. Kwa macho ni vigumu kujua ipi inayo na ipi haina, kwa hiyo zote zishughulikie kama zinayo.

Unapobandika au kukata, vaa glavu na miwani ya kinga, na usiguse ukiwa na kidonda mkononi. Ukikata, kata ndani ya bakuli la maji ya tangi, maana zikibanwa hurusha maji na yanaweza kukuingia jichoni. Na tafadhali, jiwe lenye zoa usilichemshe wala kulimwagia maji ya moto ili kulisafisha. Mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali, familia nzima pamoja na wanyama wao. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, kifua kinabana au macho yanawaka baada ya kuzishika, toka nje upate hewa, kisha nenda kwa daktari na umwambie wazi ulishika nini.

Siwaambii watu wasifuge zoa. Mimi mwenyewe ninazo na nazipenda sana. Nataka tu uzishike kwa akili.

Mawimbi
Asante sana dada, hili la mvuke sikuwahi kulisikia. Glavu ninazo, miwani nitatafuta kesho. Mzee, nimeelewa upangaji wako. Swali: nyota zangu zimefunga tangu niziweke, unaona mkeka tu. Zimekufa?

BahariShwari
Hapana. Nyota zikihamishwa hununa, wakati mwingine wiki mbili au zaidi. Angalia mkeka: ukiwa mgumu, wa zambarau na hauna harufu mbaya, ziko hai. Usizihamishe kila siku kutafuta mahali bora, kila ukizigusa zinaanza upya. Zipe mkondo wa wastani wa kupeperusha uchafu usitue juu ya mkeka, ila pampu isizielekee moja kwa moja.

Mawimbi
Harufu hakuna. Basi naziacha. Je, naweza kuzibandika kwenye kioo cha nyuma badala ya jiwe? Naona pale pako wazi na sitaki pachukuliwe na mwani.

MzeeWaMwamba
Wazo zuri, mimi napenda kuliko jiwe. Kwenye kioo mkeka unabanduka kwa kadi ya plastiki, jambo ambalo kwenye jiwe lenye vishimo haliwezekani. Hakikisha tu mwamba wako haugusi kioo popote, maana mkeka huo ukipata daraja unavuka. Weka mkaa amilifu, ule wa kunyonya kemikali majini, kwenye kichujio pia, matumbawe laini hutoa kemikali za kusukumana yakikaribiana, na lita 200 si maji mengi.

Dada_Lulu
Na utakapoanza kupunguza, ziada mpe mwenzako mwenye tangi, au ikaushe kabisa ndipo uitupe kwenye takataka. Isiende baharini wala kwenye mfereji. Venezuela wanahangaika na unomia, ndugu wa hiyo zenia yako, asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, na inaaminika iliingia kupitia biashara ya akwariamu. Imefunika matumbawe ya wenyeji na majani ya bahari.

Mawimbi
Sawa dada. Nimepima, kati ya mwamba na kioo cha nyuma kuna vidole vitatu. Inatosha?

MzeeWaMwamba
Inatosha, ila acha nafasi ya mkono wako kuingia na kadi. Kama haupiti, vuta mwamba mbele kabla hujabandika chochote. Ukishabandika zoa hutapenda kuutikisa tena.