Picha za ruracio zilizopigwa chini ya hema la buluu: naomba mwongozo wa kuzihariri

Binti_Kasarani aliandika:

Hamjambo wanajamvi. Nilipewa jukumu la kupiga picha katika ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) ya binamu yangu hapa Nairobi, na sasa familia inazisubiri kwa ajili ya albamu, pamoja na mbili za ukubwa wa A4 zitakazotundikwa sebuleni kwa shangazi. Wazee walikuwa wameketi chini ya hema la buluu saa sita mchana, ilhali nje ya hema jua lilikuwa kali mno. Katika picha, nyuso zao zimekuwa na giza na zimeingiwa na ubuluu, na nyuma yao nyasi na magari vimekaribia kuwa vyeupe. Nikiongeza mwangaza, ngozi inageuka kijivu. Shangazi, ambaye ngozi yake ni nyeusi yenye mng'ao, anaonekana kama mgonjwa.

Ninatumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye kompyuta ya mkononi, na kamera ilihifadhi faili ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa) pamoja na JPEG, picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa. Video nilizotazama zinafundisha zana moja moja bila kueleza ipi hutangulia nyingine. Naomba mnieleze nianze wapi na nifuate mpangilio gani. Sitaki kumbadilisha mtu sura. Nataka waonekane jinsi walivyokuwa siku ile.

Mkazi_wa_Umoja alijibu:

Dada, kuna njia fupi. Zihamishie kwenye simu, ufungue programu yoyote ya kuhariri na ubonyeze sehemu ya kurekebisha kiotomatiki, kisha uzing'arishe nyuso kidogo. Mimi hufanya hivyo kwa picha za watoto na hakuna anayelalamika.

Fundi_wa_Studio alijibu:

Binti_Kasarani, nakushauri usiifuate njia hiyo kwa picha hizi, ingawa kwa picha ya kutuma kwenye simu inatosha. Urekebishaji wa kiotomatiki hupima picha nzima kwa pamoja, na picha yako ina nuru za aina mbili: ya jua nje, na iliyochujwa na kitambaa cha buluu ndani. Programu haiwezi kujua kwamba wewe unawajali walio ndani.

Kabla ya lolote, nakili faili zote kwenye diski nyingine na usiziguse nakala hizo. Kisha weka JPEG kando na ufanye kazi na faili ghafi. JPEG ina viwango 256 tu vya mwangaza kwa kila rangi, na kamera imekwisha kukuamulia rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina viwango 16,384, na katika nyuso zenye giza tofauti hiyo ndiyo itakayokuokoa. GIMP yenyewe haisomi faili ghafi moja kwa moja, bali huzipitisha kwa Darktable au RawTherapee, programu za kuchakata faili ghafi ambazo pia ni za bure. Weka mojawapo.

Sasa mpangilio. Rangi ya nuru hutangulia mwangaza, kwa sababu ukiunyanyua uso ulio na ubuluu unaunyanyua na ubuluu wake. Tafuta katika picha kitu ambacho unajua ni cheupe au kijivu na ambacho kilikuwa chini ya hema hilo hilo: kitambaa cha meza, kwa mfano, au shati la mzee mmoja. Chagua kifaa cha kupima uwiano wa weupe (white balance) na ukielekeze kwenye sehemu ya kitambaa iliyo kivulini, si ile iliyomulikwa hadi ikapoteza nyuzi zake, maana hapo hakuna rangi iliyobaki ya kupimwa. Usipime kwenye gari jeupe lililo nje. Hilo lina nuru nyingine.

Kisha hakiki kwa nambari, kwa sababu macho huzoea. Pima ngozi ya shavu kwa kichagua rangi na utazame nambari tatu za nyekundu, kijani na buluu. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, katika nuru isiyo na rangi huwa na nyekundu nyingi kuliko kijani, na kijani kuliko buluu. Ikiwa buluu bado imeipita kijani, hema halijaondoka.

Ndipo uje kwenye mwangaza. Ule ukijivu unaouona unatokana na kitelezi cha mwangaza kunyanyua kila kitu pamoja na weusi wenyewe: nywele zinapoteza weusi wake, na ngozi iliyo karibu nazo inafifia. Tumia zana ya mikunjo (Curves), yaani mstari unaoupinda ili kubadilisha mwangaza, badala yake. Weka nukta moja karibu na pembe ya chini kushoto ili weusi ubaki mahali pake, kisha uinue sehemu ya katikati polepole. Ngozi nyeusi husomeka zaidi kwa mng'ao wa paji la uso na mashavu kuliko kwa weupe wa jumla. Ukiulinda mng'ao huo na weusi wa nywele, uso utakuwa na umbo hata kama haujaung'arisha sana.

Mwalimu_Mstaafu alijibu:

Naongezea jambo moja juu ya pendekezo la kuzing'arisha nyuso, kwa kuwa nimeliona likiharibu albamu nyingi za familia zetu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na watu weusi wakatoka kwenye picha bila sura. Leo zana tunazo mikononi mwetu, na hakuna sababu ya kumpa shangazi ngozi ambayo si yake. Vilevile, ukifika kwenye zana ya kuponya madoa, ondoa chunusi na vumbi, lakini kovu na alama ya kuzaliwa ziache. Wajukuu watamtambua kwazo.

Binti_Kasarani aliandika:

Nawashukuru sana. Nimepima kitambaa cha meza na nyuso zimerudi. Kwa kweli nimefurahi kumwona shangazi akifanana na shangazi. Hata hivyo, sasa nyasi na watu waliosimama nje ya hema wamekuwa na rangi ya manjano kupita kiasi. Je, nipunguze marekebisho ili nipate wastani?

Fundi_wa_Studio alijibu:

Usitafute wastani, kwa kuwa utapata picha ambayo imekosea pande zote mbili. Toa matoleo mawili ya faili ile ile ghafi: la kwanza lililopimwa kwa nuru ya ndani ya hema, la pili kwa nuru ya jua, na hili la pili ulipunguze mwangaza ili rangi ya nyasi irudi kiasi. Yahifadhi yote mawili kama TIFF ya biti 16, aina ya faili isiyopoteza ubora. Usikate kingo za lolote kwanza. Marekebisho ya lenzi nayo yawe sawa, la sivyo hayatalingana.

Yafungue katika GIMP kama matabaka (layers) mawili, la ndani likiwa juu. Liongezee tabaka la juu barakoa (mask) nyeupe, kisha upake rangi nyeusi kwa brashi yenye kingo laini mahali ambapo nje inaonekana. Nyeusi huficha, nyeupe hufunua, kwa hiyo ukipita mpaka unarudisha kwa nyeupe bila hasara. Kwenye mabega yaliyopatwa na nuru zote mbili tumia brashi hafifu na usiharakishe; mpaka mkali kati ya rangi mbili ndio unaofichua kazi iliyofanywa kwa pupa. Pale ambapo nyasi zimekuwa nyeupe kabisa hata katika faili ghafi, ziache.

Ukimaliza, hifadhi kama XCF, faili ya GIMP yenyewe, ili matabaka yabaki. Kuponya madoa kufanye kwenye tabaka jipya.

Duka_la_Picha_CBD alijibu:

Mimi huchapisha picha mjini, na nyingi zinazoletwa hutoka zikiwa na giza kwa sababu mteja alihariri usiku huku skrini ikiwa na mwangaza wa juu kabisa. Punguza mwangaza wa skrini hadi karatasi nyeupe iliyo kando yake ifanane nayo. Kwa A4 utahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani 300 kwa kila inchi. Picha ya kamera yako kwa kawaida ina uwiano wa 3 kwa 2, ambao ni mrefu kidogo kuliko A4, kwa hiyo kata mwenyewe ukichagua kinachobaki, usituachie sisi tukamkata mzee aliyekaa pembeni. Noa picha (sharpen) mwisho, baada ya kuipa ukubwa wake, kisha uitoe kama JPEG ya ubora wa 90 au zaidi katika mfumo wa rangi wa sRGB.

Ilete kwa kifaa cha USB. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itapunguzwa. Dukani omba marekebisho ya kiotomatiki ya mashine yazimwe, na utoe kwanza nakala moja ndogo uitazame nje mchana kabla ya kulipia zile kubwa.