Ndege ya Bukoba–Dar imefutwa, mzee kakosa kliniki, sasa naambiwa nauli hairudi. Nifanyeje?

BintiKatoma (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, nimechoka kupiga simu inayopokelewa na muziki.

Baba yangu ana miaka 74, yuko kijijini huko Bukoba. Ana presha ya macho na jicho la kushoto limeanza kuona ukungu. Alipangiwa kliniki ya bingwa hapa Dar Jumanne asubuhi, nafasi tuliyoisubiri karibu miezi 2. Nikasema mzee hatapanda basi. Nikajibana, nikakata tiketi kwa wakala, yake na ya kaka yangu wa kumsindikiza, kwenda Jumatatu na kurudi Jumamosi. Jina la kampuni silitaji, sitaki uzi ufungwe.

Ndege ilikuwa ya saa 7 mchana. Saa 3 asubuhi mzee yuko uwanjani na koti lake la kuendea harusini, ndizi kwenye kiroba na kopo la senene la wajukuu. Saa 5 ukaingia ujumbe: safari imesogezwa hadi saa 9 na nusu. Baadaye ikawa saa 11. Saa 11 na robo akatoka binti wa kaunta akasema safari imefutwa, hali ya hewa mbaya. Nje jua linawaka na ziwa limetulia kama maji ya beseni. Mzee akamuuliza, "Mwanangu, hewa ipi? Hii ninayoivuta?" Watu wakacheka, na yule binti naye akacheka, lakini ndege haikuja.

Wakapewa soda na biskuti. Nafasi iliyopo wakaambiwa ni Alhamisi. Kulala ni juu yako. Kaka akapiga simu hospitali, nesi mmoja Mungu ambariki akasema mleteni hata Jumatano mapema tutawachomeka. Basi Jumanne alfajiri wakapanda gari. Muleba, Biharamulo, Kahama, Singida, mzee kakunja miguu njia nzima. Wamefika Jumatano saa 4, daktari ameshaingia chumba cha upasuaji. Tarehe mpya ni baada ya wiki 5.

Sasa kilichonileta hapa. Nimedai nauli, wakala anasema tiketi za promosheni hazirudishiwi. Nimewapigia kampuni, wanasema abiria walihamishiwa Alhamisi na hawakutokea, kwa hiyo tiketi imekufa, na ya kurudi Jumamosi nayo imekufa! Mimi ndiye niliyeachwa kwenye mataa halafu naambiwa sikutokea.

Je, nina haki ya kurudishiwa? Nauli ya basi na gesti naweza kudai? Na hiyo tarehe mpya nimlete mzee kwa njia gani, maana ndege ameapa hapandi tena.

chuma_cha_reli

Pole. Ila basi lingekufikisha tangu Jumatatu.

BintiKatoma

Asante mkuu, hilo mzee ameshaniambia mara 11.

KauntaMstaafu

Dada pole sana, mpe mzee salamu zangu. Nimekaa kaunta miaka 6, si Bukoba, lakini nitakueleza kilichotokea maana huwa hakielezwi.

Ndege inayokuja kwenu mchana haikulala Bukoba. Imeamka Dar, imekwenda mji mmoja, imerudi, imekwenda mwingine, ndipo inakuja kwenu. Asubuhi ikichelewa dakika 40 kwa ukungu wa Songwe au kwa tairi lililobadilishwa, zile dakika hazirudi, zinaongezeka kila kituo. Viwanja vikubwa kama Mwanza ndege itatua hata saa 4 usiku. Bukoba ni ya mchana. Jua likikaribia kuzama na ndege bado iko angani Dodoma, safari yenu imekufa hata kama kwenu kumetulia namna gani. Kwa hiyo yule binti huenda hakudanganya, hewa mbaya ilikuwepo, ila ilikuwa ya asubuhi na ya mji mwingine. Kosa ni kutowaambia hivyo saa 5, mkajua mapema kwamba siku imeshaharibika.

Kingine ni uchache wa ndege. Kampuni yenye ndege nyingi ikipata hitilafu inatoa ya akiba. Ya kwetu ikilala moja, ratiba nzima inachechemea. Mnakumbuka injini za Pratt & Whitney za Airbus A220: mashirika ya nchi nyingi yalilaza ndege kwa ajili ya zile injini, na sisi 2022 tulitangaziwa kuwa zetu zimo.

Sasa jambo lako. Hilo la "hakutokea" ndilo la kushughulikia kwanza. Mfumo ukihamisha abiria kwenda siku nyingine humwandika kama amekubali. Asipopanda, mfumo unafuta vipande vyote vilivyobaki, na cha kurudi pia. Kompyuta haijui kwamba mzee alishafika Dar kwa basi. Kaka yako aliwaambia waziwazi kwamba Alhamisi hataki?

BintiKatoma

Anasema alimwambia yule binti kwa mdomo, "Alhamisi haina faida kwetu." Maandishi hana.

KauntaMstaafu

Ndiyo maana wengi wanakwama hapo. Siku nyingine kabla ya kuondoka kaunta mwambie akuandikie kwenye tiketi: safari imefutwa, abiria amekataa siku mbadala, anaomba nauli. Akikataa kuandika, tuma wewe barua pepe palepale uwanjani, hata sentensi 2. Saa ya barua ndiyo shahidi wako. Ujumbe wa kusogeza na kufuta mnao bado?

Ilala_Mashariki

Mimi nasema ukweli, hizi ndege wakiona abiria wachache wanafuta. Nimeona mwenyewe Mtwara.

KauntaMstaafu

Kuunganisha safari 2 za siku moja hutokea, sitakataa. Lakini ile ndege ikija Bukoba inachukua na wa kurudi. Kuifuta ni kuwapoteza wa kuja na wa kwenda, na kesho yake kuwatafutia wote viti. Faida yake ndogo kuliko watu wanavyodhani.

MlaNshansha

Mimi ni wa hapahapa Bukoba. Kuhusu hali ya hewa naomba tuwe na adabu kidogo. Tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa ufukweni asubuhi ile ndege ilipoingia ziwani, watu 19 hawakutoka. Tangu siku hiyo rubani akisema leo hapana, mimi nachukua begi langu narudi nyumbani bila kuuliza. Nikirudishiwa nauli sawa, nisiporudishiwa pia nimelala kwangu.

BintiKatoma

Kaka hapo sibishani. Kwenye ile ndege kulikuwa na mtu tunayemjua. Sidai wangetua kwa nguvu. Nadai wasiniuzie maneno matatu tofauti: kaunta hali ya hewa, ujumbe wa simu "sababu za kiuendeshaji", wakala "ilikuwa na hitilafu". Na wasikae na hela yangu.

Wakili wa Mtaani

Nimesoma uzi wote. Si ushauri rasmi, nakupa mwanga tu.

"Promosheni hairudishwi" ni sharti la abiria anayeghairi mwenyewe. Hapa wao ndio walioshindwa kukusafirisha siku waliyokuuzia. Ukilipia pilau halafu mpishi akasema gesi imekata, hawezi kukwambia pilau ya ofa hairudishwi hela. Fungua masharti ya usafirishaji ya kampuni hiyo kwenye tovuti yao, tafuta sehemu ya safari zinazofutwa na kampuni yenyewe. Mara nyingi wameandika kwa kalamu yao wenyewe kwamba abiria achague siku nyingine au nauli. Nukuu kifungu chao kwenye barua.

Dai nauli yote, kwenda na kurudi, ya watu 2. Safari ya kurudi ilikufa kwa sababu ya ile ya kwenda. Basi na gesti andika pia na uambatanishe risiti, lakini weka aya yake peke yake. Nauli una nguvu nayo, hayo mengine utabembeleza. Ukiyachanganya watakaa wanabishana na gesti na nauli isilipwe.

Barua inaanzia kwao, nakala kwa wakala. Wape siku, tuseme 14. Wasipojibu au wakijibu ovyo, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na pale pana baraza la watumiaji wa huduma za anga ambalo kazi yake ni kusemea abiria. Watakuuliza kwanza: uliwaandikia kampuni? Ndiyo maana nasema anza na barua, si na simu. Maamuzi ya mamlaka yakikatiwa rufaa yanakwenda Baraza la Ushindani, lakini sidhani kwa tiketi 2 utafika huko.

Mpemba_Muscat

Mbona sisi huku tunalipwa? Mwaka juzi nimetoka Muscat kwenda Mwanza kupitia Dar, kipande cha Dar–Mwanza kikafutwa, nikawekwa hotelini na chakula.

Berlin255

Na Ulaya ni euro 250 mkononi, safari fupi tu. Afrika tunaonewa.

Wakili wa Mtaani

Mpemba, wewe tiketi yako ilikuwa moja kutoka Muscat hadi Mwanza. Mkataba wa Montreal wa 1999 unahesabu safari ya namna hiyo kuwa ya kimataifa yote, mpaka kile kipande cha ndani. Mzee wa Katoma ametoka Bukoba kwenda Dar, hajavuka mpaka, mkataba ule haumgusi. Ungekuwa umekata Muscat–Dar kwa kampuni moja na Dar–Mwanza kwa nyingine, tiketi mbili mbalimbali, ungelala kwenye benchi kama sisi.

Berlin, hizo 250 ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004, kwa ndege zinazotokea Ulaya au zinazokwenda huko na kampuni za huko. Na hata wao, ikiwa ni hali ya hewa kwelikweli hawalipi ile fidia, wanakulaza na kukulisha tu. Tusimpe dada matumaini ya euro.

BintiKatoma

Asanteni sana. Kuhusu ujumbe: namba tuliyompa wakala ilikuwa ya mzee mwenyewe, na simu yake ni kitochi. Nilifikiri wameshafuta. Nimempigia sasa hivi, yuko kwa shangazi Tabata, kumbe hafuti kitu, ana ujumbe hadi wa 2019! Zote 3 zipo, zina saa. Ile ya mwisho imeandikwa "safari yako imefutwa". Tatizo kitochi hakipigi picha ya skrini.

KauntaMstaafu

Piga picha kwa simu nyingine, namba ya mtumaji ionekane pamoja na tarehe na saa. Hiyo inamaliza habari ya "hakutokea". Safari wameifuta wao kwa maandishi yao, Alhamisi ni pendekezo tu. Na usimwache mzee akarudi kijijini na hicho kitochi kabla hujamaliza!

Kuhusu wakala: kama ulilipa kwake kwa simu, kampuni itarudisha kwake, si kwako. Mwombe namba ya ombi la marejesho, kisha iulize kampuni kama namba hiyo ipo. Wengine wanakwambia "tumeshaomba" na hawajaomba.

MlaNshansha

Kuhusu tarehe mpya: usimwachie ndege siku ya mwisho. Mlete siku 3 kabla, akae na wajukuu wale senene. Na msipande Bukoba. Toka Bukoba mpaka Mwanza kwa barabara, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Ikiangukia siku ya meli, MV Victoria inaondoka usiku, mzee analala kitandani na asubuhi yuko Mwanza. Mwanza ndege ni nyingi, ikifutwa ya asubuhi kuna ya jioni.

chuma_cha_reli

Au basi hadi Dodoma, akashuka, akapumzika usiku kwa ndugu, asubuhi treni ya SGR mpaka Dar. Miguu inanyooka. Nimempeleka mama hivyo, hakulalamika, na mama yangu huwa analalamika.

BintiKatoma

Wakuu narudi na mrejesho, ni siku ya 9.

Barua nimeandika kama alivyoelekeza Wakili, aya mbili mbalimbali, picha za kitochi nimeambatanisha. Siku ya 4 wamejibu. Nauli ya kwenda na kurudi ya watu wote 2 "imeidhinishwa kurejeshwa kupitia wakala". Basi na gesti hawakugusa kabisa, kama vile ile aya haipo. Wakala namba ya ombi alinipa baada ya kumtumia hiyo barua pepe, kabla ya hapo alikuwa anasema mtandao unasumbua. Hela bado haijaingia. Nikifika siku ya 14 naelekea TCAA.

Mzee karudi Bukoba kwa basi, ameshuka Dodoma na njiani kote tulimpigia kila saa. Kliniki ijayo amekubali meli mpaka Mwanza. Ndege ya kutoka Mwanza anasema atafikiria, ila kama atapanda anataka kiti cha dirishani upande wa ziwa, alione kabla jicho halijaamua vingine. Kuna anayejua upande wa ziwa ni kulia au kushoto ndege ikiruka Mwanza?

Ilala_Mashariki

Inategemea upepo unatokea wapi siku hiyo. Mpe kaka kiti cha upande wa pili, wabadilishane.