Omeprazoli kila siku, lakini tumbo bado linachoma usiku: tunakosea wapi?

BintiKitope: Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kuhusu mama mkubwa, ana miaka 52. Ana maumivu ya kuchoma kwenye chembe ya moyo, huu mwezi wa nne. Yanamwamsha saa nane usiku. Akila yanatulia, saa mbili tatu baadaye yanarudi. Anameza omeprazoli ya miligramu 20 akishamaliza chakula cha usiku. Kwa ajili ya magoti anatumia diklofenaki ya miligramu 50, asubuhi na jioni. Mwaka jana alitibiwa H. pylori, wale bakteria wa vidonda vya tumbo, juzi kipimo cha damu kimesoma chanya tena. Hatapiki na uzito haujapungua. Arudie dozi?

Kifamasia: Pole yake. Asirudie dozi kwanza. Maumivu ya njaa yanayotulizwa na chakula huelekeza zaidi kwenye duodeni, yaani sentimita kama 25 za mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo ndipo asidi ya tumboni inapomwagikia, na kongosho hutoa maji yenye baikaboneti ya kuipoza. Asidi ikizidi au ute unaolinda ukuta ukipungua, kidonda kinachimbika. Hiyo ni dalili tu, haithibitishi kidonda.

Sasa muda wa dawa. Omeprazoli haiui asidi iliyokwisha kumwagika. Inashuka hadi utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, kisha inarudi kwenye chembe za ukuta wa tumbo na kufunga pampu zinazotengeneza asidi. Inafunga zile tu zilizo kazini, na nyingi huamshwa na mlo wa kwanza baada ya kufunga usiku kucha. Damuni dawa haikai sana. Kwa hiyo ameze asubuhi tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, na chai iwe na kitu cha kula. Asitafune wala kusaga chembechembe zilizo ndani ya kapsuli, kwa sababu asidi itaziharibu kabla hazijafika. Nguvu yake kamili huonekana baada ya siku 3 hadi 5.

MpishiWaPwani: Mpeni maziwa fresh glasi moja kabla ya kulala, yanapoza haraka.

Kifamasia: Yanapoza kwa muda mfupi tu, mkuu. Protini na kalsiamu ya maziwa huliamsha tumbo litoe asidi zaidi, na anayeamka saa nane ndiye atakayeumia.

NesiWaZamu: Mimi naogopa hiyo diklofenaki kuliko kitu kingine. Inazuia prostaglandini, na hizo ndizo zinazoliagiza tumbo litoe ute na kuupa ukuta wake damu ya kutosha. Msidhani sindano ni salama kuliko kidonge: madhara mengi hupitia kwenye damu, kwa hiyo njia ya kuingilia haibadilishi sana. Ongeeni na daktari wake aiachishe. Kwa magoti, kama ini lake ni zima, parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku. Diklofenaki ya kupaka huingia mwilini kidogo sana, inaweza kufaa. Aspirini na ibuprofeni ni ndugu zake, asihamie huko.

MaabaraKwanza: Hicho kipimo cha damu kiwekeni pembeni. Kinatafuta kingamwili, na hizo hubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Ombeni kipimo cha antijeni, yaani chembe za bakteria wenyewe, kwenye kinyesi au cha pumzi. Kabla yake omeprazoli isimame wiki 2 na antibayotiki ziwe zimepita wiki 4, la sivyo kinaweza kusoma hasi ilhali bakteria wapo.

BintiKitope: Ahsanteni sana. Wiki mbili bila omeprazoli atavumilia vipi? Na kikisoma chanya?

MaabaraKwanza: Vidonge vya kutafuna vya magnesiamu na aluminiamu havina shida na kipimo, ila daktari aridhie kwanza kama figo zake zina tatizo. Kikisoma chanya, mwambieni daktari majina ya dawa za mwaka jana. Kama antibayotiki ya klarithromaisini ilikuwemo, asipewe tena, maana bakteria waliobaki huenda wameshaizoea. Matibabu kwa kawaida ni siku 14, na wengi huacha katikati kwa sababu ya mdomo mchungu na kuharisha. Mpimeni tena wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza.

NesiWaZamu: Kwa umri wake, na kwa miezi yote hiyo, ombeni pia kipimo cha kamera cha tumbo, msingoje kwanza dozi nyingine ishindwe. Akipata choo cheusi kinachonata kama lami, akitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, tumbo likikaza ghafla kama ubao, au akizimia, huyo ni wa hospitali usiku huohuo. Kama anatumia vidonge vya madini ya chuma semeni mapema, navyo hufanya choo kiwe cheusi.