Naomba ushauri: napulizaje nje ya ufunguo, yaani noti zisizo za ufunguo wa wimbo, bila kuwapoteza wenzangu?

Wakuu, habari zenu. Napuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, aina ya alto, huu mwaka wa 4, na bendi yetu inapiga dansi la kawaida. Tangu nimsikie mpuliza saksafoni James Chance na bendi yake, Contortions, sina raha. Alitoka Milwaukee akaingia New York miaka ya 1970, akachanganya jazi huria, fanki ya James Brown na hasira ya panki. Nyimbo zao 4 zimo kwenye No New York ya 1978, santuri iliyotayarishwa na Brian Eno.

Sikilizeni jinsi besi na dramu zilivyoshikana, mguu unacheza wenyewe, huku gitaa la slaidi likikwaruza pembeni na saksafoni ikipiga yowe. Lakini wimbo hauvunjiki! Mimi nikijaribu, mpiga besi ananifuata, wa dramu anasita, na ndani ya dakika moja tumepotea wote. Jumamosi kiongozi alinyoosha mkono, tukakata wimbo katikati, watu wamesimama wanatutazama. Iliniuma sana.

Mliowahi kupiga fanki nisaidieni. Nishike noti iliyo nusu sauti juu ya besi, halafu nirudi kwenye pigo la kwanza? Au wenzangu wakariri kwanza mzunguko mmoja mpaka wasihitaji kunisikiliza? Na lile yowe linatoka kooni au ni kubana midomo? Mwezi huu nimeshapasua vijiti 2 vya mdomoni, na bei yake mnaijua.