Tupeane uzoefu: mwanafunzi akijibu "kwa sababu kitabu kimesema"

Kipimajoto: Wakuu, tukifundisha biolojia, hoja za wanafunzi hukwama wapi? Naanza na kiazi. Kata vipande vya sentimita 5, kausha kwa karatasi, pima, loweka dakika 30 kwenye maji ya chumvi, kausha, pima tena. Kasheshe huanza kundi moja likileta kipande kilichoongezeka uzito. Darasa zima: "Wamekosea, futeni!" Usifute. Waulize kilichoongeza uzito ni nini. Labda hawakukausha: matone mawili ya maji ni kama gramu 0.1, na kwa kipande cha gramu 2.5 hiyo ni asilimia 4. Au chumvi yao ni hafifu kuliko utomvu wa seli, kwa hiyo maji yameingia kihalali kabisa. Madai mawili, matokeo yaleyale. Sasa wabuni jaribio la kuyatenganisha.

Mizani: Nakazia. Na waandike asilimia, si gramu tupu.

Kichuguu: Anzeni na Van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17. Mche wa mwierebi wa ratili 5, baada ya miaka 5 ukapimwa ratili 169. Udongo ratili 200, ukapungua wakia 2 hivi. Akahitimisha mti umetokana na maji. Vipimo safi, hitimisho bovu! Wanafunzi watafute ambacho hakukipima.

Mbishi: Hadithi tamu, ila mtihani unataka mlinganyo wa usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Mada mtamaliza lini?

Kichuguu: Huo mlinganyo ndio jibu lake, mkuu. Una kabonidayoksaidi ya hewani, na hewa hakuipima.

Mizani: Makundi ya watu 4: wawili watetee dai, wawili walibomoe, kisha wabadilishane.

Kipimajoto: Wanne? Mmoja atasinzia. Watatu.

Jani_Kavu: Mnagombania viti, moto unawaka! Kwenye jaribio la wanga wa jani, spiriti ya kutoa klorofili (rangi ya kijani) haichemshwi juu ya mwali. Zima moto kwanza, ndipo tyubu yenye spiriti na jani iingie kwenye maji moto. Na mmea ukae gizani saa 48 kabla, la sivyo iodini itaonyesha wanga wa juzi na mtajadili upepo.

Mbishi: Hilo sawa. Lakini sehemu ya jani mliyofunika kwa karatasi nyeusi kuzuia mwanga, imekosa mwanga tu, au na hewa pia?

Jani_Kavu: 😂 Kumbe unabisha kwa faida. Jani la pili lifunikwe kwa nailoni angavu, ukubwa uleule, vibanio vilevile.

Mizani: Mbishi awekwe kundi la kubomoa.